Miaka 26 kwenye reli: "je, yote haya yalikuwa ya nini?"

Swali la msomaji:

"Nina miaka 52, na 26 kati ya hiyo nimeimalizia kwenye reli. Nilianza kwenye gengi la kutengeneza njia nikaja kuwa dereva wa treni za mizigo, zamu zangu nyingi ni za usiku, watoto wamekua mi nikiwa njiani. Mshahara sina shida nao. Shida ni kwamba nikiwa kwenye kichwa cha treni usiku najiuliza hivi nimefanya nini maisha yote haya, nabeba mizigo nisiyoijua nawapelekea watu nisiowajua, kesho narudia, na siku nikiondoka atakaa mwingine kwenye kiti kile kile na treni itaondoka saa ile ile. Juzi bosi kanipa ofa ya kwenda kufundisha madereva wapya, sijui niende au nibaki nimalizie miaka yangu kimya kimya. Naomba ushauri."

Jibu:

Kaka yangu, asante kwa kuandika bila kuficha. Kazi yangu ni kukaa na watu wa zamu, madereva, gadi, watu wa njia, makontrola wanaoongoza mwendo wa treni, hasa wale wanaokaribia kustaafu, na swali lako nimelisikia kwa sauti nyingi sana ila wachache wanalisema wazi hivi, wengi wanakuja wakisema wana maumivu ya mgongo au hawalali, ukikaa nao saa nzima ndo linatoka.

Nianze na ile sentensi ya treni kuondoka saa ile ile, kwa sababu nadhani ndo inayokuuma zaidi ya zote. Ni kweli itaondoka. Reli ilipangwa hivyo kwa makusudi, kitabu cha kanuni, ishara, ratiba, mitihani ya njia, vyote viliwekwa ili usalama wa treni usimtegemee mtu mmoja hodari ambaye akiumwa kila kitu kinasimama. Sasa wewe umefanya kazi miaka 26 ndani ya mfumo ambao ukifanya vizuri kazi inaonekana kama imejiendesha yenyewe, halafu unajipima kwa kipimo cha mtu anayejenga nyumba, ambaye jioni anaisimamia na kuiangalia. Hicho kipimo hakikufai na kitakuonea kila siku.

Ila kabla ya kwenda mbali kuna jambo la mwili lazima tulimalize kwanza. Umesema mawazo haya yanakuja usiku ukiwa kwenye kichwa. Je, siku ya tatu ya mapumziko, umelala vizuri, jua limetoka, bado yanakuja na uzito ule ule? Nauliza kwa sababu mwili wa binadamu una saa yake, na kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri unakuwa chini kabisa, joto la mwili linashuka, umakini unashuka, na moyo nao unashuka. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unafanana na wa mtu mwenye kiwango cha pombe kwenye damu cha asilimia 0.05, na nchi nyingi hicho ndo kiwango ambacho huruhusiwi kuendesha gari. Hatumruhusi mtu wa namna hiyo aendeshe, basi na wewe usimruhusu akuhukumie miaka 26 ya maisha yako. Kwa mwezi mmoja chukua daftari, kila wazo hili likija andika ni saa ngapi na umelala kwa muda gani kabla yake, hakuna zaidi ya hapo. Nimeona watu waliodhani wamepoteza maana ya kazi kumbe walichopoteza ni usingizi, na nimeona pia wale ambao daftari lilionyesha wazo linakuja hata saa 4 asubuhi ya siku ya mapumziko, hao tunaongea nao lugha nyingine.

Na kuna kitu hukukitaja ambacho siwezi kukipita. Kama katika miaka hiyo umewahi kugonga mtu, awe alivuka vibaya au alijirusha mwenyewe, na ukapewa siku chache ukarudi kazini na hakuna aliyekuuliza tena, basi hiyo hisia ya "yote haya yalikuwa ya nini" inaweza kuwa jeraha la tukio lile halijapona. Wapo wanaoliona tena kila wakipita pale, wengine wanaacha kuhisi chochote kabisa, hata furaha. Hilo halitibiki kwa kutafakari wala kwa ushauri wa maandishi kama huu, nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili umweleze tukio lenyewe lilivyokuwa, hata kama ni la miaka 15 iliyopita. Inasaidia kweli, na haijachelewa.

Haya, sasa nichukulie kwamba unalala na hilo halipo. Bado swali lipo, na ni swali zuri.

Kazi yako sehemu kubwa ni ya kuzuia mambo yasitokee, na jambo ambalo halikutokea halina picha, halina cheti, hakuna mtu atakayekupigia simu kukushukuru kwa ajali asiyoipata. Ili uone unachofanya inabidi uangalie reli ilivyokuwa pale ambapo kazi kama yako haikufanyika au haikuwezekana. Chukua Armagh, Ayalandi, tarehe 12 Juni 1889. Treni ya matembezi imejaa watu zaidi ya 900, wengi wao watoto wa shule ya Jumapili wanakwenda baharini, ikafika kwenye mlima ikakwama. Wakaamua kuigawa, sehemu ya mbele ivutwe kwanza kisha warudi kuchukua mabehewa ya nyuma. Breki za treni ile zilikuwa za vakyumu (za kufyonza hewa) za aina ya zamani, yaani ukikata bomba breki inaachia, kwa hiyo yale mabehewa kumi ya nyuma yalibaki yameshikwa na breki ya mkono ya behewa moja na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Kichwa kilipojaribu kuondoka kikarudi nyuma kidogo tu, kikayagusa, mawe yakasagika, mabehewa yakaanza kuteremka yenyewe mpaka yakakutana na treni nyingine iliyokuwa inapanda. Wakafa watu wapatao 80.

Mwaka huo huo Bunge la Uingereza, maana Ayalandi wakati huo ilikuwa chini yake, likapitisha sheria iliyolazimisha treni za abiria kuwa na breki inayojikamata yenyewe bomba likikatika. Breki ya namna hiyo ilikuwa ipo tayari, Westinghouse alishaitengeneza ya hewa kule Marekani tangu mwaka 1872, hewa ikipotea breki zinakamata. Wewe unaijua kwa mikono yako, kila zamu unasimama unasubiri presha ipande mpaka behewa la mwisho, unajaribu breki, unahesabu, unaondoka, na nadhani siku nyingi unafanya huku unawaza mambo ya nyumbani. Kaka, dakika hizo unazozisubiri zililipiwa na watoto wa Armagh. Ukizifanya kikamilifu usiku wa manane wakati hakuna anayekuona na kontrola anakuhimiza uondoke, wewe ndo unaiweka hai ile sheria, maana sheria peke yake ni karatasi.

Kanuni nyingi sana za kazi yako ziko hivyo. Marekani zamani mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini, mtu anasimama katikati ya mabehewa mawili yanayokuja anaelekeza chuma kwa mkono, wakapoteza vidole, mikono, na maisha. Mkulima mmoja wa Iowa, Lorenzo Coffin, mwaka 1874 alimuona mfanyakazi akikatwa vidole viwili vya mwisho alivyokuwa navyo kwenye mkono, akaenda zake na hilo jambo likamkaa moyoni, akazunguka karibu miaka 20 akiwashika viongozi wa reli na wabunge mpaka mwaka 1893 sheria ikapita ya breki za hewa na viunganishi vinavyojifunga vyenyewe. Coffin hakuwa mfanyakazi wa reli. Lakini tangu siku hiyo kila anayefanya kazi kwenye yadi ya mabehewa na kurudi nyumbani na vidole kumi anaishi ndani ya kazi ya mtu yule, na wewe ulivyokuwa kwenye gengi, kila taruma uliyoibadilisha, kila mahali uliponyoosha reli iliyopinda kwa joto, kuna treni zimepita juu yake na watu wake hawakuhisi kitu. Najua kutohisi kitu si zawadi ya kuning'iniza ukutani, ila kwa watu waliokuwa ndani ilikuwa kila kitu.

Jambo la pili ni ufundi wenyewe, na hapa naona watu wa reli mnajidharau bila sababu. Mtu wa nje anadhani treni inaenda yenyewe kwa sababu haina usukani. Wewe unajua kuteremka mlima na treni ndefu yenye mzigo maana yake nini, kwamba ukichelewa breki kidogo hutaipata tena, ukiwahi sana ukaishiwa hewa umejiua, kwamba nusu ya treni inaweza kuwa bado inapanda wakati nusu inateremka na mabehewa yanavutana na kusukumana, na kwamba mahali pa kusimama unapaamua kilomita nzima na zaidi kabla hujapaona. Ukiondoka unavuta taratibu mpaka mabehewa yote yanyooke ndo unaongeza, la sivyo utakata kiunganishi. Hayo huwezi kuyasoma ukayaweza, yanakuja kwa kurudia mara nyingi mno. Umelalamika kwamba kazi yako ni kurudia rudia, sawa, lakini hata mganga wa upasuaji anarudia, mpiga ala anarudia, huko ndiko umahiri unakokaa. Wajapani wana desturi yao kwenye reli, dereva anainyooshea kidole ishara na kuitaja kwa sauti kila anapoikuta hata akiwa peke yake, anataja kasi, anataja saa, maana wamegundua kwamba mwili na sauti vikishiriki akili haiendi kulala kwenye mazoea. Jaribu wiki mbili, kama hujawahi. Nakwambia kwa ajili ya usalama ndiyo, lakini pia kwa sababu mtu anayetaja anachokifanya hawezi kusema hajui amefanya nini usiku kucha.

Sasa hao watu usiowajua. Hapa naomba ufanye kitu, usiwaze tu. Mwanasaikolojia Adam Grant na wenzake waliwahi kuchukua watu wa chuo kikuu waliokuwa wanapiga simu kuomba michango ya ufadhili wa wanafunzi, kazi ya kuchosha na kukataliwa siku nzima, wakawakutanisha dakika chache tu na mwanafunzi mmoja aliyesomeshwa na michango ile. Mwezi mmoja baadaye muda wao wa kukaa kwenye simu ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara mbili. Mshahara haukuongezwa wala maneno ya kuomba hayakubadilishwa, walichopata ni kumwona mtu. Wewe hujawahi kumwona mtu wako hata mmoja katika miaka 26, treni ikifika unakabidhi unaenda kulala. Chagua mzigo mmoja unaoubeba mara nyingi, mbolea, nafaka, saruji, mafuta, wowote ule, na siku moja ya mapumziko nenda mchana kaufuate unakoishia. Simama pale unapopakuliwa, uliza unaenda wapi, ongea na anayeupokea. Treni moja ya mizigo inabeba kazi ya malori mengi, kwa hiyo kuna watu wengi sana mwisho wa ile njia, na wewe unahitaji kuwaona wachache tu.

Kuna wengine maana hawakuipata kwenye kazi yenyewe, waliipata kwa wenzao waliokuwa kwenye kazi hiyo, na nisingependa uipite njia hii. Watumishi weusi wa mabehewa ya kulala ya Pullman kule Marekani walikuwa wanafanya kazi mpaka saa 400 kwa mwezi, wanatandika vitanda, wanang'arisha viatu, abiria wanawaita wote "George" kwa jina la mwenye kampuni kana kwamba hawakuzaliwa na majina. Mwaka 1925 wakaanzisha chama chao chini ya A. Philip Randolph, wakapambana miaka 12, mwaka 1937 kampuni ikasaini mkataba, saa zikashuka hadi 240. Na mmoja wa watumishi wale, E. D. Nixon wa Montgomery, ndiye alikwenda kumtoa kwa dhamana mwaka 1955 Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, na kuwa miongoni mwa walioandaa ule mgomo wa mabasi. Treni ilimpitisha kwenye miji ambako aliona watu weusi wanaishi tofauti na kwao, na chama kikamfundisha kuandaa watu. Huwezi kusema maisha ya Nixon kwenye reli yalikuwa kutandika vitanda.

Naitaja pia kwa sababu nyingine. Atakuja mtu akuambie kazi yako ni wito, ni huduma, kwa hiyo vumilia zamu mbovu na mapumziko mafupi. Usimsikilize hata kidogo. Mtu anayeipenda reli kweli ndo anapaswa kuwa wa kwanza kukataa dereva aliyechoka apewe treni. Na sio lazima uione kazi kuwa ni wito ndo maisha yako yawe na maana. Utafiti wa Amy Wrzesniewski na wenzake wa mwaka 1997 uliwakuta makarani wa kazi ile ile wamegawanyika karibu sawa, wapo wanaoiona ni mshahara tu, wapo wanaoiona ni ngazi ya kupanda, wapo wanaoiona ni wito. Mwenye mshahara tu akilea familia vizuri na kuwa jirani mwema hajapungukiwa kitu. Wewe ungekuwa wa kundi hilo usingeniandikia, ndo maana naongea na wewe hivi.

Kuhusu watoto nitasema kidogo. Miaka ile hairudi, na sitakudanganya kwamba iko namna ya kuirudisha. Ila usiwaambie "nilifanya yote kwa ajili yenu", najua ni kweli, lakini ukimwambia mtoto mkubwa hivyo unampa deni asilolikopa. Waulize wao wanakumbuka nini kuhusu kazi yako, usikilize hata kama inauma, usijitetee. Kisha wasimulie kazi ilivyo, mlima ulivyo, usiku ulivyo, mambo uliyowahi kuyaona na kusimamisha treni. Wengi hawajui baba yao anafanya nini hasa, wanajua tu hayupo.

Sasa ofa. Nenda. Nimeifikiria sana kabla ya kukuandikia neno hilo, kwa sababu nimeona pia madereva wazuri wakinyauka darasani, wamepewa projekta na makaratasi ya kujaza na wamenyang'anywa kile kitu pekee walichokuwa wanakipenda. Lakini umri wako na swali lako vinanielekeza huko. Erik Erikson, aliyechambua hatua za maisha ya binadamu, alisema katikati ya utu uzima mtu anafika mahali anahitaji kulea kizazi kinachofuata, si lazima wanawe wa kuzaa, na asipopata pa kulea anahisi amesimama mahali pamoja anaoza. Ulivyoandika "nimalizie kimya kimya" niliisikia hiyo kabisa. Na unacho cha kutoa, kwa sababu kitabu cha kanuni kitamwambia kijana kasi ya juu ya kila kipande cha njia lakini hakitamwambia ni wapi reli inateleza asubuhi yenye umande, ni kona gani ng'ombe hulala, behewa likianza kunuka vile maana yake nini, na kwamba ukisikia mlio fulani usisubiri ofisi ikuambie.

Anza kuandika hayo leo, kabla hujamjibu bosi. Pita njia yako kichwani kutoka mwanzo hadi mwisho, andika kila mahali ambapo unafanya kitu ambacho hukufundishwa na mtu. Utashangaa daftari litakavyojaa. Na mada ya kwanza ningekuomba iwe ni namna ya kusimama, yaani kijana akiwa hana uhakika na ishara, amechelewa, kontrola anamfokea kwenye redio, afanyeje asimame na ajiteteeje kesho yake kwa kusimama. Vijana wengi wanajua kanuni hiyo ila wanaogopa kuitumia, na hawataacha kuogopa mpaka wamwone mtu mwenye miaka 26 akiitumia mbele yao.

Kisha nenda kwa bosi na maswali, usiende na jibu. Utaendelea kuendesha siku ngapi kwa mwezi? Kwa maoni yangu zisipungue chache, mkufunzi asiyeshika treni miaka miwili anaanza kufundisha njia ambayo haipo tena. Zamu za usiku zitapungua kweli au zitakufuata darasani? Na muhimu kuliko yote, je, utakaa na mwanafunzi mmoja njia nzima, mvua na jua, mpaka siku anapopewa treni peke yake, au utamwona wiki mbili darasani kisha apewe mtu mwingine? Wakikubali kukuacha nao mpaka mwisho, chukua ofa hiyo bila kusita. Wakikataa, mi ningekuwa wewe ningebaki kwenye kichwa na kuwaomba wanikalishie mwanafunzi mmoja mmoja huko huko kwenye kiti cha pili, na miaka iliyobaki ningeifanya hivyo.